Gofu, Shimo na Viwanja: Historia ya Istilahi za Uwanja wa Gofu katika Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kilivyolipokea jina la mchezo wa gofu na jina la mahali unapochezwa. Tunadai kwamba majina hayo mawili yana historia tofauti. Gofu ni neno lililokopwa kwa sikio, yamkini kutoka vinywani mwa wachezaji wenyewe, ilhali uwanja ni neno la Kiswahili lililopewa kazi mpya, na bado halijatulia katika kazi hiyo. Mkoa wa Singida, usiojulikana kwa mchezo huu, umechaguliwa kuwa mahali pa kupimia iwapo istilahi hizi zinamfaa msemaji asiyekiona kitu chenyewe.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili mkoani Singida anaposoma kurasa za michezo hukutana na viwanja vya gofu vya Lugalo, klabu ya Gymkhana na mashimo 18. Anasoma bila kuona. Viwanja vya gofu vinavyofahamika nchini Tanzania viko Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro na katika mashamba ya chai ya Mufindi. Mtu wa Manyoni, Ikungi au Iramba hana kitu cha jirani cha kulinganisha na maneno hayo.

Hali hiyo ndiyo inayoufanya mkoa huu ufae kwa uchunguzi wetu. Kwa kawaida istilahi hupimwa kwa wenye fani: daktari huulizwa kuhusu istilahi za tiba, fundi kuhusu istilahi za ufundi. Mchezaji wa gofu, hata hivyo, hahitaji istilahi ya Kiswahili ili aelewe, kwa kuwa kitu anacho mbele ya macho yake, na mara nyingi hukitaja kwa Kiingereza. Anayelitegemea neno lenyewe ni yule aliye mbali: mwalimu, mfasiri, mhariri wa habari, mtoto anayefungua kamusi. Tunauliza, basi, neno linampa nini mtu huyo? Jibu linadai historia, maana majina tunayoyatumia hayakuingia kwa mlango mmoja.

2. Kitu kinachopewa jina

Gofu ilikuwapo Uskoti angalau tangu karne ya 15. Mwaka 1457 bunge la huko liliupiga marufuku mchezo huo pamoja na mpira wa miguu, na badala yake likaamuru watu wafanye mazoezi ya kupiga mishale. Ulichezwa kwenye nyanda za mchanga zilizo kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa sana kwa kilimo. Mwanzoni hapakuwa na mtu aliyeiandaa ardhi hiyo: kondoo walizifupisha nyasi na upepo ukafukua mchanga. Idadi ya mashimo 18, ambayo leo huonekana kana kwamba iliumbwa pamoja na mchezo, ni matokeo ya uamuzi wa mji mmoja, St Andrews, ambako mwaka 1764 mzunguko wa mashimo 22 ulipunguzwa kuwa 18. Kipenyo cha shimo, yaani milimita 108, kilikuja kukubaliwa kuwa cha lazima mwishoni mwa karne ya 19.

Kiingereza kina majina mawili ya mahali hapo, na hakuna kati yake linalotaja uwanja. La kwanza, ‘links’, lina asili ya Kiingereza cha kale na lilitaja tuta au mwinuko wa ardhi, hivyo ni jina la sura ya nchi. La pili, ‘course’, lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, katika neno la kukimbia, na hutaja njia inayopitwa toka mwanzo hadi mwisho. Jina hili la pili ndilo lililoenea duniani, nalo linaeleza jambo la msingi: mahali pa kuchezea gofu ni njia. Mchezaji huanzia sehemu iliyotengwa kwa pigo la kwanza, hufuata ukanda wa nyasi fupi wenye nyasi ndefu, miti, maji au mchanga pembeni, hufika kwenye eneo dogo la nyasi laini lenye shimo, kisha huanza tena upya mahali pengine. Hadi amalize mashimo 18 atakuwa ametembea kilomita 6 au zaidi.

Ukubwa nao unahitaji kutajwa kwa tarakimu. Uwanja wa mpira wa miguu wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una eneo la takribani hekta 0.7. Uwanja wa gofu wenye mashimo 18 aghalabu huchukua hekta 50 au zaidi. Neno lilelile, uwanja, linabebeshwa vitu ambavyo kimoja ni mara 70 ya kingine.

3. Gofu mbili

Kabla mchezo haujafika Afrika Mashariki, Kiswahili tayari kilikuwa na neno gofu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo kwa maana ya kitu kilichobomoka au kuchakaa: gofu la nyumba, na pia gofu la mtu, yaani mtu aliyekonda akabaki mifupa. Wingi wake, magofu, unafahamika kwa kila mwanafunzi wa historia ya pwani, tangu Kilwa Kisiwani na Kaole hadi Gedi.

Singida haina magofu ya aina hiyo, lakini neno lina kazi huko pia. Wajerumani waliweka vituo vyao Kilimatinde, katika Manyoni ya leo, na Mkalama, kaskazini mwa mkoa, na mabaki ya boma la Mkalama ni gofu kwa maana kamili ya neno. Kwa hiyo msomaji wetu wa Singida, anaposikia gofu kwa mara ya kwanza, ana haki ya kufikiria kuta zilizoanguka. Kinachomwokoa ni sarufi. Gofu la kale ni nomino ya ngeli ya li-/ya-: gofu limebomoka, magofu yamehifadhiwa. Gofu ya mchezo ni ya ngeli ya i-, haina wingi: gofu inachezwa. Mtunzi wa kamusi analazimika kuyatenga maingizo mawili, na inafaa aoneshe upatanisho wa kisarufi katika yote mawili, kwa sababu ndio alama pekee inayoyatofautisha pale muktadha unaponyamaza.

4. Sauti l iliyopotea

Wengi wamezoea kusema kwamba ‘golf’ liligeuka gofu kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zifuatane. Maelezo hayo ni ya haraka mno. Irabu u mwishoni haina utata: Kiswahili hufunga kwa irabu maneno ya mkopo yanayoishia kwa konsonanti, na baada ya sauti ya midomo irabu hiyo huelekea kuwa u. Lakini l imekwenda wapi?

Tuyatazame maneno mengine ya Kiingereza yenye l mbele ya konsonanti. ‘Bulb’ ni balbu. ‘Bolt’ ni bolti. ‘Film’ ni filamu, ambapo irabu iliingizwa ili l ibaki. Hata l inapotangulia f haidondoki: shelfu, salfa, alfabeti. Balbu na bolti si maneno ya wasomi. Ni ya mafundi, yaliyojifunzwa karakanani kwa kusikia. Kama Kiswahili kilikuwa na mazoea ya kuifuta l katika nafasi hiyo, tungetarajia kuyaona mazoea hayo humo.

Kwa upande mwingine yapo maneno machache ambayo l yake haikuonekana: ‘chalk’ ni chaki, na ‘half’ ni hafu. Sababu yake inajulikana. Waingereza wenyewe huandika l katika maneno hayo na hawaitamki, na Kiswahili kilikopa kilichosikika. Tunapendekeza kwamba gofu ni la kundi hili. Miongoni mwa Waingereza wa tabaka la juu na wachezaji wengi wa mchezo huu, matamshi yasiyo na l yalikuwa ya kawaida mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20, na katika Kiskoti neno lenyewe ni ‘gowf’. Hao ndio watu walioleta mchezo huku: maofisa, wahandisi, wenye mashamba, na Waskoti hawakuwa wachache kati yao. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ya Kampala mwaka 1908 na ya Mombasa mwaka 1911. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Wajerumani, na mchezo ulipata nafasi yake baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916.

Iwapo pendekezo hili ni sahihi, neno gofu lilikopwa na watu waliosimama karibu na wachezaji: vijana waliobeba mikoba ya fimbo, waliotafuta mipira vichakani, wahudumu wa klabu. Wasomi wa kuliona neno kwenye maandishi wangetupa golfu, na umbo hilo huonekana hapa na pale hata leo katika maandishi ya wanaoanzia kwenye tahajia ya Kiingereza. Umbo lililoshinda ni la wasikiaji. Historia ya gofu katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa majina ya wenyeviti wa klabu na washindi wa vikombe, wala hatujui jina la hata mmoja wa vijana wale, ila tunatamka neno kama walivyolitamka.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Yawezekana kuwapo kwa gofu la magofu kulilivuta neno jipya kwenye umbo lililokwisha kuzoeleka. Mvuto wa aina hiyo hutokea katika lugha. Hata hivyo mvuto huo peke yake hauelezi chaki na hafu, na maelezo yanayofunika mifano mitatu yana nguvu kuliko yanayofunika mmoja. Huenda vyote viwili vilisaidiana.

5. Uwanja, kiwanja, viwanja

Jina la mchezo lilikopwa. Jina la mahali halikukopwa. Hapa ndipo penye kazi zaidi.

Uwanja kwa asili ni mahali wazi na tambarare, pasipo majani marefu wala majengo, penye nafasi ya watu kukutana. Uwanja wa mbele ya nyumba, uwanja wa ngoma, uwanja wa vita, na baadaye uwanja wa mpira na uwanja wa ndege, vyote vina sifa moja: aliyesimama mahali pamoja anaweza kupaona pote. Anayeketi katika Uwanja wa Liti mjini Singida, uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, anayaona magoli yote mawili bila kuinuka. Katika gofu jambo hilo haliwezekani. Ardhi ina vilima na mabonde kwa makusudi, miti inaziba macho, na mtazamaji anayetaka kuona mchezo wote hana budi kutembea pamoja na wachezaji. Kwa vigezo vya neno lenyewe, uwanja wa gofu si uwanja.

Wanahabari wa Tanzania wanaonekana kulihisi tatizo hili kabla ya wanaisimu, na wamelishughulikia kwa njia ya wingi. Hawasemi sana uwanja wa gofu wa Lugalo. Husema viwanja vya gofu vya Lugalo, viwanja vya Gymkhana. Mahali ni pamoja, jina ni la wingi. Wingi huu si wa gofu pekee. Dar es Salaam kuna viwanja vya Mnazi Mmoja na viwanja vya Jangwani. Dodoma kuna viwanja vya Nzuguni, wanakokwenda wakulima wa Singida kwa maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Kati. Na Singida mjini kuna viwanja vya Bombadia. Katika matumizi haya viwanja haihesabu chochote. Hutaja eneo pana, lisilo na umbo maalumu, lenye sehemu nyingi ndani yake. Kwa eneo la hekta 50 lenye njia 18, uteuzi huo una busara.

Umbo la wingi lenyewe lina historia yake. Uwanja, kwa kanuni ya nomino za u-, ungetupa nyanja, na umbo hilo lipo. Lakini nyanja limehamia kwenye dhana: nyanja za elimu, nyanja za uchumi. Hakuna asemaye nyanja za mpira akimaanisha mahali penye magoli. Kwa mahali halisi Kiswahili kimeazima wingi wa kiwanja, neno lenye maana yake pia: kipande cha ardhi kilichopimwa kwa ajili ya kujenga. Mkazi wa Manispaa ya Singida akisema amenunua kiwanja, hatuulizi ni cha mchezo gani. Kwa hiyo viwanja vya gofu hubeba mwangwi wa ardhi iliyogawanywa na kuuzwa. Mwangwi huo wakati mwingine si wa bahati mbaya. Karibu na Usa River, mkoani Arusha, nyumba za kuishi zimejengwa kuzunguka uwanja wa gofu, na mwenye kununua kiwanja viwanjani anajikuta ndani ya sentensi ambayo hakuna kamusi inayoweza kuifumbua.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni la maana ya kijamii. Uwanja wa Kiswahili ni wa wote. Mnazi Mmoja, Jangwani na Bombadia ni mahali ambapo mtu huingia bila kuulizwa ametoka wapi. Gofu ilikuja na mazoea mengine. Neno Gymkhana liliundwa India chini ya Waingereza. Sehemu yake ya pili, -khana, ni neno la Kiajemi la nyumba au chumba, lilelile lililomo ndani ya karakana. Katika karakana waliingia mafundi wa kila rangi. Katika klabu za gofu za enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia kwa kazi. Dar es Salaam iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na viwanja vya Gymkhana viko pale ambapo Uzunguni ilipakana na maeneo ya Kisutu na Upanga, yaliyokaliwa na Wahindi wengi. Nyasi zilifanya kazi ya ukuta. Kuliita eneo hilo viwanja, kwa neno lilelile la Mnazi Mmoja, kuliuficha ukuta huo bila mtu yeyote kukusudia.

Baada ya uhuru majina mapya yaliingia, na mojawapo linastahili kutajwa. Lugalo ni jina la mahali huko Uhehe ambapo jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kutoka uwanja wa vita jina lilihamia kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam, na kutoka kambini likahamia kwenye viwanja vya gofu vya Jeshi la Wananchi. Singida imefanya jambo linalofanana: Uwanja wa Liti una jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya upinzani yamekwenda kukaa viwanjani. Sidhani kuwa aliyepanga ratiba ya mashindano huyawaza hayo, lakini mwanahistoria wa majina hawezi kupita bila kuyaona.

6. Shimo lenye urefu wa mita 400

Istilahi za ndani ya mchezo tutazitazama kwa ufupi, isipokuwa moja.

Fimbo imefaa, na Mnyaturu mfugaji hahitaji kufafanuliwa zaidi ya kuambiwa kwamba hii ina kichwa cha chuma au mti. Kiingereza hutumia neno moja kwa fimbo na kwa chama cha wachezaji. Kiswahili kimeyatenga, fimbo na klabu, na hilo ni faida. Tahadhari ni kwamba kilabu, kwa matumizi ya mitaani Tanzania, ni mahali panapouzwa pombe ya kienyeji. Afadhali mhariri ashikilie klabu.

Shimo ndilo lenye matatizo. Kwa Kiingereza cha gofu neno la shimo hutaja vitu viwili: tundu la milimita 108 na pia njia nzima inayoishia kwenye tundu hilo. Kiswahili kimefasiri neno na kurithi utata wake. Ndiyo maana tunaweza kusoma kwamba shimo fulani lina urefu wa mita 400. Kwa mtu wa Iramba, wilaya yenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke yaliyoanza enzi za Wajerumani, shimo ni jambo analolifahamu vizuri: lina kina, lina hatari, na kipimo cha mita 400 kinamtisha. Ukimwambia uwanja una mashimo 18 atauliza nani atayafukia. Zaidi ya hayo, mashimo ya mchanga yanayowekwa ili kumtatiza mchezaji huitwa pia mashimo, na sentensi moja huweza kuwa na mashimo ya aina tatu.

Eneo la nyasi laini linalozunguka tundu huitwa kwa Kiingereza kwa jina la rangi ya kijani. Katika sehemu kame za makoloni ya Afrika, nyasi hizo ziliposhindikana, waliweka mchanga uliochanganywa na mafuta, na Waingereza wakalibadili jina liwe la rangi ya udongo. Singida ingekuwa mfano mzuri: mvua ni za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na maziwa ya Singidani na Kindai yanayoupamba mji yana maji ya chumvi yasiyoweza kuzihudumia nyasi laini. Mfasiri asichukue rangi, basi. Waandishi wa michezo wa Kenya wamelipenda neno uga, la Kiswahili kabisa, kwa maana ya uwanja wa mchezo. Tunapendekeza uga wa shimo kwa eneo hilo, na njia kwa kila kimoja cha vipande 18, ili shimo libaki kuwa tundu.

7. Ingizo la kamusi

Kwa mhariri wa kamusi tunapendekeza uwanja wa gofu, kwa umoja, kuwa kidahizo. Viwanja vya gofu viachwe vifanye kazi ya kuhesabu, kwa kuwa mwenye kusema Tanzania ina viwanja kadhaa vya gofu anahitaji wingi ulio wingi kweli. Katika majina maalumu, kama viwanja vya Lugalo, mazoea ya wanahabari yaheshimiwe. Hayo ni majina, na majina hayafuati hesabu. Kiwanja cha gofu kiepukwe. Fasili yenyewe iwe hivi:

Uwanja wa gofu: eneo kubwa la ardhi lililoandaliwa kwa mchezo wa gofu, lenye njia za nyasi 9 au 18 zinazofuatana, kila moja ikianzia mahali pa pigo la kwanza na kuishia kwenye uga wenye shimo dogo ambamo mpira hutumbukizwa, aghalabu humilikiwa na klabu, hoteli, kampuni au taasisi, na wachezaji huwa ni wanachama au wageni wanaolipa.

Sehemu ya mwisho ya fasili itapingwa na wanaoona kwamba umiliki si kazi ya kamusi. Kwa neno lingine tungekubaliana nao. Kwa neno uwanja, ambalo kwa msemaji wa Singida lina maana ya mahali asipozuiwa kuingia, kipande hicho ndicho anachokihitaji kuliko vyote, na nafasi yake ni mstari mmoja tu.